Herufi Iliyotoka Shambani: Asili, Maana na Matamshi ya 來



Jioni hii nazungumzia herufi moja tu ya Kichina. Nimeiandika hapo ubaoni kwa sura zake mbili: 來, wanavyoiandika Taiwan na Hong Kong, na 来, inavyoandikwa China Bara na Japani. Watu wa Beijing huitamka lai, silabi moja, sauti ikipanda. Maana yake ni kuja. Anayejifunza Kichina huikuta katika masomo ya mwanzo kabisa, akaikariri, akapita kwenda kwenye herufi zinazoonekana ngumu zaidi. Mimi naomba tukae nayo kwa muda, kwa sababu ndani yake umo ushahidi dhidi ya kosa moja lililozagaa duniani kote, hata katika vitabu vya shule: kwamba Wachina huandika picha, kwamba kila herufi yao ni mchoro wa wazo, na kwamba msomaji hutazama mchoro huo akapata maana bila kupitia kwenye matamshi.

Kosa hili limepingwa zamani. Mwaka 1838, huko Philadelphia, Peter Du Ponceau alichapisha kitabu kizima kueleza kwamba mwandiko wa Kichina huandika maneno ya lugha inayosemwa, wala si mawazo yanayoelea hewani. Mwaka 1984 John DeFrancis aliirudia hoja hiyo kwa nguvu zaidi. Bado picha ile ya zamani haijatoka vichwani mwa watu. Basi sitaleta nadharia. Nitaleta herufi yenyewe, tuifuate tangu ilikochimbuliwa.

Ilichimbuliwa Anyang, katika jimbo la Henan, kando ya mto Huan. Hapo palikuwa makao ya mwisho ya wafalme wa nasaba ya Shang, na katika mashamba ya kijiji cha Xiaotun wakulima walikuwa wakifukua mifupa ya kale na kuiuza kwa wafanyabiashara wa dawa, waliowaambia wateja wao kuwa ni mifupa ya joka. Mwaka 1899 msomi mmoja wa Beijing, Wang Yirong, aliitambua mikwaruzo iliyokuwa juu ya mifupa hiyo kuwa ni maandishi. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1928, na mwaka 1936 likapatikana shimo moja lililokuwa na vipande 17,096. Hadi leo vimekusanywa vipande vipatavyo laki moja na nusu. Herufi tofauti zilizohesabiwa juu yake ni takriban 4,500, na zaidi ya nusu bado hazijasomeka kwa uhakika.

Mifupa hiyo ilikuwa ya kupigia ramli. Mpiga ramli wa mfalme alichukua mfupa wa bega la ng'ombe, au gamba la chini la kobe, akatoboa vishimo upande wa nyuma bila kupenya, kisha akachoma hapo kwa kitu cha moto. Mfupa ulipopasuka, ufa ulijitokeza upande wa mbele: mstari mmoja wa kusimama na mwingine mfupi unaochomoza pembeni. Herufi ya ramli, 卜, ni umbo la ufa huo. Mfalme aliusoma ufa, akatoa utabiri, na karani akachonga kando yake swali lililoulizwa, jibu la mfalme, na wakati mwingine yale yaliyotokea baadaye.

Katika michongo hiyo, karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo, ndimo tunamoikuta herufi yetu. Itazameni sura yake ya wakati ule. Kuna bua lililosimama wima. Kileleni kuna mkwaruzo mfupi ulioinama, mfano wa suke. Katikati majani mawili yameanguka, moja kulia na jingine kushoto. Chini kuna mizizi mitatu. Ni mmea wa ngano, umechorwa na mtu aliyeujua. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mguu, hakuna njia. Ukimwonyesha mtoto mchoro ule hatakuambia kuwa ni kuja. Atakuambia ni jani au mche.

Hata hivyo, wasomi walipoanza kuisoma mifupa yenyewe, herufi hiyo ya ngano ilikuwa mara nyingi haizungumzii ngano. Uko mchongo mmoja mashuhuri wa enzi ya mfalme Wu Ding. Mfalme anausoma ufa na kutabiri kwamba yapo matatizo yatakayokuja. Karani anaongeza kwamba siku ya tano matatizo yalikuja kweli, yakitokea magharibi: mtawala mmoja wa mpakani alileta taarifa kuwa watu wa Tufang wameshambulia upande wa mashariki wa nchi yake na kuumiza vijiji viwili, na watu wa Gongfang wamevamia mashamba yake ya magharibi. Matatizo hayo yanayokuja yameandikwa kwa mche wa ngano. Mahali pengine makarani walitumia mche huohuo kuandika siku ijayo, hasa siku ya juma lililofuata, kwa kuwa juma la Shang lilikuwa la siku kumi. Pengine tena wanarekodi kwamba fulani ameleta magamba kadhaa ya kobe kwa mfalme. Kote humo ni kuja na kuleta. Mavuno hayamo.

Imekuwaje mmea uwe kitendo? Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu, na naomba nitumie mfano wetu wenyewe. Tuseme hatuna herufi za Kirumi wala za Kiarabu, na karani wa Kiswahili ametakiwa kuandika amri ya maneno mawili, kaa hapa. Kitendo cha kukaa ni kigumu kuchora, maana mtu anakaa kitini, anakaa Mwanza, anakaa kimya. Lakini kaa wa pwani anachoreka vizuri sana: gamba, macho yaliyochomoza, magando mawili. Karani anamchora kaa, na kila anayejua Kiswahili anasoma kaa na kuelewa kuwa ni kitendo. Asiyejua Kiswahili ataona mdudu wa baharini tu. Siku nyingine karani huyohuyo anataka kuandika kaa la moto. Anamchora tena yule wa pwani, ila sasa anamwekea mwali wa moto ubavuni ili msomaji asikosee. Tayari amegundua njia mbili ambazo zimeubeba mwandiko wa Kichina kwa zaidi ya miaka 3,000. Ya kwanza ni kuazima picha kwa ajili ya sauti yake. Ya pili ni kuichukua sauti hiyo na kuiongezea alama inayodokeza maana.

Makarani wa Shang waliifuata njia ya kwanza. Katika lugha yao neno la ngano na neno la kuja yalisikika karibu sawa. Kuja hakuchoreki. Ngano inachoreka. Wakaiazima ngano, na mkopo huo haukurudishwa kamwe.

Njia ya pili ndiyo iliyojaza kamusi. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, Xu Shen alikamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi, yenye herufi 9,353, na zaidi ya asilimia 80 ya herufi hizo zina sehemu mbili: moja ya sauti, nyingine ya kudokeza maana. Herufi yetu yenyewe ilikuja kutumika kama sehemu ya sauti ndani ya nyingine. Ukiiwekea alama ya majani juu unapata 萊, lai, jina la magugu fulani, na herufi hiyo leo ndiyo wanayoandikia mto Rhine na nchi ya Brunei. Ukiiwekea jicho kushoto unapata 睞, lai ya sauti inayoshuka, yaani kutupa jicho. Magugu hayaji na jicho haliji. Kinachounganisha herufi hizi ni sauti peke yake.

Xu Shen mwenyewe hakuielewa asili ya 來 kwa njia ya sauti, na sababu yake inaeleweka. Yeye hakuwahi kuiona mifupa ya Anyang. Ilikuwa imefukiwa ardhini miaka zaidi ya elfu moja kabla hajazaliwa. Alichokuwa nacho ni mapokeo ya nasaba ya Zhou, iliyoifuata Shang, ambamo ngano ilisifiwa kama neema iliyoteremshwa kutoka mbinguni, na katika Kitabu cha Nyimbo upo wimbo wa kumsifu Hou Ji, babu wa Zhou, unaoitaja neema hiyo. Akaandika kwamba kwa kuwa ngano ilikuja kutoka mbinguni, herufi yake ikapata maana ya kuja. Ni maelezo mazuri, na yamepata watetezi wapya siku hizi. Wanasema: mbinguni kando, ngano kweli ilikuja. Haikuanzia China. Ililimwa kwanza Asia Magharibi, na ikafika upande wa mashariki wa China zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ikawakuta wakulima wa kaskazini wakila nafaka ndogondogo za jamii ya uwele. Basi, wanasema, Wachina waliiita nafaka ile mgeni, iliyokuja.

Kuhusu safari ya ngano wako sawa, na wanaakiolojia wameieleza vizuri. Lakini sikubali kwamba herufi ilipata maana yake kwa sababu ya safari hiyo. Karani wa Anyang alikuwa na haraka. Alihitaji kuandika kwamba adui anakuja, kwamba mvua inakuja, kwamba siku fulani inakuja, na alihitaji alama ambayo wenzake wangeisoma bila kuuliza. Hakuhitaji kukumbuka historia ya nafaka, alihitaji sauti. Tena angalieni maneno mengine magumu kuchora: karani huyohuyo aliyaandika kwa mtindo uleule. Elfu kumi ameiandika kwa picha ya nge, 萬, kwa sababu ya sauti, na hakuna aliyetuambia kwamba nge walishuka kutoka mbinguni elfu kumi kwa pamoja. Kanuni inayoeleza maneno mengi ina nguvu kuliko hadithi inayoeleza neno moja.

Sasa ngano ikabaki bila herufi, au tuseme ikabaki na pacha. Pacha huyo ni 麥, ambayo leo inasomwa mai, sauti ikishuka, na hiyo ndiyo herufi ya ngano hadi sasa. Itazameni vizuri: juu ni mche uleule, na chini pameongezwa unyayo. Katika mwandiko wa kale unyayo ni alama ya mwendo. Mtu yeyote angetarajia kwamba ile yenye unyayo ndiyo iwe kuja, na ile isiyo na unyayo ibaki kuwa ngano. Ni kinyume chake! Wasomi wengi wanaona kwamba herufi yenye unyayo ilitungwa kwa ajili ya kuja, kisha makarani wakazoea kuandika kuja kwa herufi nyepesi, kwa kuwa neno hilo linahitajika kila siku, na ile nzito wakaiachia ngano, ambayo ilitajwa mara chache. Wapo wanaoutazama unyayo ule kama mizizi iliyorefushwa. Mimi nauona mwelekeo wa kwanza kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa mkono unaoandika hupenda njia fupi: 來 ina mikwaju 8 ya kalamu, 麥 ina mikwaju 11.

Nitoe tahadhari kwa walimu waliopo hapa. Ndani ya 來 utaona vialama viwili vinavyofanana kabisa na 人, mtu. Wanafunzi hufundishwa kwamba ni watu wawili wanaokuja chini ya mti, na kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 imeiweka herufi hii katika fungu la mtu. Fungu hilo ni la kurahisisha kutafuta kwenye kamusi tu. Wale watu wawili ni majani mawili ya ngano. Kama hadithi ya watu chini ya mti inamsaidia mwanafunzi kukumbuka, aitumie, lakini asiambiwe kwamba ndiyo asili.

Tuje kwenye matamshi, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapojaribiwa. Nimesema maneno mawili yalisikika karibu sawa. Leo Beijing moja ni lai na jingine ni mai. L na M hazifanani. Je, nimewadanganya?

Tuanzie mahali penye maandishi. Mwaka 601 Lu Fayan alikamilisha Qieyun, kamusi ya vina, iliyoonyesha matamshi bila alfabeti yoyote. Njia ilikuwa hii: unachukua herufi mbili ambazo msomaji anazijua, unakata mwanzo wa ya kwanza na mwisho wa ya pili, unaunganisha. Katika Guangyun ya mwaka 1008, iliyojengwa juu ya kamusi hiyo, 來 imeelezwa kwa luo na ai. Toa l kwenye luo, ongeza ai, unapata lai. Imepita miaka elfu moja na kanuni bado inafanya kazi. Lakini 麥 imeelezwa kwa herufi zinazosomwa leo mo na huo, na ukizikata na kuziunga kwa matamshi ya leo hupati mai kamwe. Kuna kitu kimebadilika. Nendeni Guangzhou, ambako wengi wa wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wamefika, muulize ngano inaitwaje kwa Kikantoni. Mtaambiwa mak. Korea ni maek. Vietnam ni mạch. Japani, katika usomaji uliotoka China ya enzi ya Tang, ni baku, na katika usomaji wa zamani zaidi ni myaku. Wajapani hawawezi kufunga silabi kwa k, kwa hiyo wameiongezea u, kama sisi tulivyoifanya kitab ya Waarabu kuwa kitabu. Lahaja na lugha hizi zote zinashuhudia k mwishoni mwa silabi. Beijing imeipoteza, kama ilivyopoteza p, t na k zote za mwisho wa silabi.

Hiyo ni k ya mwisho. Na mwanzoni? Katika Kichina cha kale sana, l ya leo ilikuwa r. Ushahidi wake uko katika majina ya kigeni. Wanahistoria wa nasaba ya Han walitaja nchi ya mbali magharibi kwa jina la Wuyishanli, na wasomi wanaliona ndani yake jina Alexandria, mmojawapo wa miji ya Alexander katika upande wa Afghanistan ya leo. Sehemu ya mwisho, li, imewekwa pale kuandika r. Kivietnam nacho kilichukua maneno ya Kichina zaidi ya mara moja. Joka kwa Kivietnam cha kila siku ni rồng, lililoingia zamani, na kwa usomaji wa kitaalamu ulioingia baadaye ni long. Neno ni moja, na r imekuwa l.

Mkiweka pamoja mambo hayo, mtaelewa walichopendekeza William Baxter na Laurent Sagart katika kitabu chao cha mwaka 2014. Kwao ngano ilikuwa na m na r zilizoshikamana mwanzoni, kitu kama mrək. Kuja kulikuwa na m nyepesi yenye irabu hafifu mbele ya r, kitu kama mə-rək. Maneno mawili yenye mifupa ileile: m, r, k. Kisha wakati ukafanya kazi yake. Katika ngano m ilibaki na r ikayeyuka, na k ikadumu hadi zama za Tang na baada yake. Katika kuja m ndiyo iliyoanguka, r ikageuka l, na k ikapotea mapema sana. Ndugu hao wawili wamegawana urithi, kila mmoja akaondoka na konsonanti yake, hata leo hawafanani tena usoni. Anayetazama picha tu hawezi kuujua undugu huu. Ni sauti inayouonyesha, na herufi, kwa kuubeba ule mche mmoja kwa maneno yote mawili, imeutunza ushahidi huo kwa muda wote ambao masikio yalikuwa yamekwisha kuusahau.

Kupanda na kushuka kwa sauti, yaani toni, nako kuna historia. Mwaka 1954 André-Georges Haudricourt alieleza kwamba toni za Kivietnam zilizaliwa kutokana na konsonanti zilizopotea, na wasomi wa Kichina wakaichukua njia hiyo. Kwa herufi zetu mbili mambo ni rahisi kiasi. Neno la toni iliyolala zamani, likianza na l, m au n, Beijing limepata toni ya pili inayopanda. Ndiyo lái. Neno lililofungwa kwa p, t au k na kuanza na l, m au n, limepata toni ya nne inayoshuka. Ndiyo mài.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili nashauri mambo mawili. Sisi tukiona ai tunasoma silabi mbili, la-i, kama tunavyosema ta-i au cha-i. Kichina kinataka silabi moja, ulimi uteleze bila kusimama. La pili ni toni, na hapa sitaki mtu ajifariji kwamba muktadha utamwokoa. Mai yenye sauti inayobonyea chini kisha kupanda ni 買, kununua. Mai yenye sauti inayoshuka ni 賣, kuuza, na ngano nayo iko kwenye toni hiyohiyo. Mfanyabiashara anayechanganya toni hizo amesema kinyume cha alichokusudia, tena mbele ya mzigo wake mwenyewe.

Kuhusu maana za leo nitakuwa mwepesi, kwa kuwa kamusi zinazo. Nitachagua chache zinazonigusa. Kwanza wakati. Wachina huita mwaka ujao 来年, na wakati ujao 未来, kwa herufi mbili za bado na kuja, kana kwamba wanasema haujaja. Sisi tunaosema wiki ijayo na miaka ijayo hatuhitaji kuelezwa. Wakorea huita kesho naeil, neno linalotokana na 來日, siku ijayo, na hayo ndiyo matumizi yaleyale ya karani wa Shang aliyechonga juu ya gamba la kobe. Wabudha wa China nao, walipotafuta neno la Tathāgata, mojawapo ya majina ya heshima ya Buddha, walichagua 如来, Rulai, aliyekuja hivyo.

Kisha nendeni kwenye mgahawa wa tambi wa watu wa Lanzhou. Wenye migahawa hiyo wengi ni Waislamu, na utaona maandishi ya halal juu ya mlango. Mpishi yuko mbele yako, anaunyoosha unga uliokandwa kwa mikono miwili, anaukunja, anaunyoosha tena, hadi donge moja linakuwa nyuzi nyembamba zisizohesabika, anazitupa kwenye maji yanayochemka. Mteja anaingia na kuagiza: lai yi wan mian. Lai hapo ni lete, yi wan ni bakuli moja, mian ni tambi. Andikeni sentensi hiyo kwa herufi za zamani: 來一碗麵. Herufi ya kwanza ni mche wa ngano. Ya mwisho, upande wake wa kushoto, ni mche wa ngano tena, sasa na unyayo wake, ukidokeza kwamba jambo lenyewe ni la unga. Upande wa kulia ni 面, uso, ambao nao unatamkwa mian na umewekwa hapo kwa sauti tu. Mteja hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba ameitaja ngano mwanzoni na mwishoni mwa agizo lake, maana anasema na kusikiwa.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitangaza mpango wa kurahisisha herufi. Lai ikapewa umbo la 来, mikwaju 7, ambalo waandishi walikuwa wamelitumia tangu enzi za Han walipokuwa na haraka. Mai ikawa 麦, mikwaju 7 pia. Japani ililipokea umbo la 来 katika mageuzi yake ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lililonishangaza ni tambi. Herufi ya tambi, 麵, ilikuwa na mikwaju 20. Wakaondoa ngano yote, wakabakiza sauti: 面. Leo China Bara uso na tambi vinaandikwa kwa herufi moja, na hakuna anayekosea chakula chake. Wapo Taiwan na Hong Kong waliohuzunika wakisema tambi zimenyimwa ngano. Nawaheshimu, kwa kuwa kupoteza kidokezo cha maana ni hasara kweli kwa msomaji anayekutana na neno geni. Lakini kusema kwamba Beijing imeivunja asili ya mwandiko si kweli. Warekebishaji wa 1956 walifanya kitendo kilekile cha makarani wa Anyang, wakachukua picha ya kitu kimoja na kuandikia kitu kingine chenye sauti hiyohiyo.

Namalizia na neno ambalo wengi wenu mnalitamka kila siku. Katika karne ya 15, Ma Huan, Mwislamu aliyesafiri kama mkalimani katika misafara ya baharini ya amiri Zheng He, aliandika jina la mji mtakatifu wa Makka kwa herufi zinazosomwa leo Mojia. Siku hizi Wachina wanauandika 麥加, au kwa mwandiko wa China Bara 麦加. Herufi ya pili maana yake ni kuongeza. Ya kwanza ni ngano yetu. Makka iko katika bonde kavu lisilo na mazao, na aliyechagua herufi hiyo hakufikiri kuhusu nafaka hata kidogo. Mwislamu wa Beijing akiisoma anatamka Maijia, na kwa sikio letu jina limekwenda mbali. Hiyo ni kwa sababu mak imepoteza k yake katika matamshi ya kaskazini, na ka nayo imelainika ikawa jia. Mwislamu wa Guangzhou, akishika karatasi hiyohiyo yenye herufi zilezile mbili na kuzisoma kwa Kikantoni, anasema Mak-ka.